Mbuni Ndani ya Nyumba ya Vioo

Mmea uliotolewa kwao una haja mbili. Ya kwanza ni kutambuliwa, yaani kujulikana ni mmea gani, wa ukoo gani, na umetoka wapi. Ya pili ni kutunzwa, yaani kupewa joto, maji, mwanga na udongo wa namna uliouzoea. Haja hizi hufuatana kama mchana na usiku. Asiyeutambua mmea hajui kuutunza, na asiyejua kuutunza hapati kuuona ukitoa ua na tunda, vitu ambavyo ndivyo vitambulisho vyake vya hakika. Historia ya mbuni, mti uzaao kahawa, katika miaka yake ya ugeni Ulaya ni historia ya haja hizo mbili. Lakini ndani yake mna swali la tatu ambalo mabingwa wa mimea wa zama zile hawakuliuliza: mti ulipotambuliwa na kutunzwa vema namna ile, watu walioulima walitambuliwa na kutunzwa vipi?

Katika Kiswahili mti huu huitwa mbuni, tunda lake buni, na kinywaji chake kahawa. Maneno buni na kahawa asili yake ni Kiarabu. Yemeni ndiko mti huu ulikolimwa kwa biashara kwa mara ya kwanza, juu ya matuta ya milimani, na kuanzia karne ya 15 masufi wa huko walikunywa kahawa ili usingizi usiwashinde katika ibada za usiku. Hata hivyo Yemeni haikuwa kwao mbuni. Kwao ni misitu ya nyanda za juu za kusini magharibi mwa Ethiopia, nchi ambayo wazee wa pwani waliiita Uhabeshi, na huko hata leo huota wenyewe chini ya kivuli cha miti mikubwa. Jambo hili la kivuli halina budi kukumbukwa, kwa kuwa ndilo ufunguo wa utunzaji wake.

Ulaya iliijua kahawa kwa ulimi kabla ya kuujua mbuni kwa macho. Tabibu mmoja wa Kijerumani, Leonhard Rauwolf, alifika Aleppo katika mwaka wa 1573 akawaona watu wa mji ule wakinywa kahawa. Katika kitabu chake kilichotoka mwaka wa 1582 alilitaja tunda lililopikwa kuwa kinywaji kile, akaliita kwa jina la karibu sana na buni. Baada yake tabibu wa Kiitalia, Prospero Alpini, aliyekaa Misri katika miaka ya 1580, aliuona mti wenyewe katika bustani ya Mturuki mmoja mjini Kairo. Kitabu chake kilichapishwa Venice mwaka wa 1592, na ndani yake mlikuwa na picha ya tawi la mbuni. Picha ile ilikuwa na majani matupu, haina ua wala tunda. Kwa zaidi ya miaka 100 baadaye Wazungu wengi walinunua buni kavu sokoni na kuzikaanga, ilhali ujuzi wao wa mti uliozizaa haukuzidi sana picha ya namna hiyo. Ilikuwa kama kumfahamu mtu kwa kanzu yake bila ya kuuona uso wake.

Wala mtu hakuweza kuzipanda buni zile zikaota. Mbegu ya kahawa haikai na uhai wake muda mrefu. Ikishakauka sana na kupitisha miezi mingi safarini na ghalani, hufa. Ilibidi mtu alete mbegu mbichi au mche ulio hai. Waholanzi ndio waliofaulu. Mnamo mwaka wa 1696 miche ililetwa Java kutoka pwani ya Malabar ya Bara Hindi, ikaharibiwa na mafuriko; mwaka wa 1699 ikaletwa mingine, nayo ikashika. Katika mwaka wa 1706 mche mmoja kutoka Java ulifika Amsterdam ukatiwa katika bustani ya mimea ya mji, bustani ambayo mwanzo wake, mwaka wa 1638, ilikuwa ya mimea ya dawa. Huko ukatunzwa ndani ya nyumba ya vioo iliyotiwa joto kwa moto wa tanuri wakati wa baridi.

Mtu aweza kustaajabu kwamba mche mmoja, uliokaa mbali na jamaa zake wote, uliweza kuzaa. Mimea mingi ikitengwa hivyo hutoa maua ya bure, kwa sababu ua lahitaji chavua ya mti mwingine. Mbuni wa aina hii hauna shida hiyo: ua lake hujitosheleza kwa chavua yake lenyewe, na mbegu zake huota zikawa mfano wa mama yao. Tabia hii ndiyo iliyougeuza mmea wa chunguni kuwa chimbuko la mashamba yasiyo na idadi. Lau mbuni ungekuwa na tabia kama za mimea mingi, mti wa Amsterdam ungeishia kuwa pambo, na historia ya nchi nyingi ingekuwa na sura nyingine.

Katika mwaka wa 1714 wakuu wa mji wa Amsterdam walimpelekea mfalme wa Ufaransa, Louis wa 14, mbuni mmoja kuwa zawadi. Mche uliotangulia kufika Paris ulikuwa umekufa. Huu wa pili ulipokewa kwa heshima, ukapelekwa katika bustani ya mfalme chini ya ulinzi wa Antoine de Jussieu, mwalimu wa elimu ya mimea. Jussieu alikuwa na bahati ambayo Alpini hakuipata, maana aliona jani, ua na tunda. Aliandika maelezo yake kwa uangalifu, na ulipofika wakati wa kutoa jina aliuita yasmini ya Uarabuni yenye majani kama ya mlori.

Mtu wa pwani hawezi kumcheka Jussieu kwa kosa hilo. Ua la mbuni ni jeupe, lina shingo nyembamba na ncha tano kama nyota, na harufu yake humkumbusha mtu asumini zinazotungwa jioni na kuvaliwa na wanawake wa Unguja na Mombasa. Macho na pua vyote vilishuhudia kwamba ni yasmini. Lakini macho na pua si mahakimu wa mwisho. Mwanachuoni wa Uswidi, Carl Linnaeus, aliyekuwa Uholanzi katika miaka ya 1735 hata 1738 akishughulika na mimea ya tajiri mmoja mwenye nyumba za vioo, aliona kwamba mti huu ni jamii nyingine. Mwaka wa 1737 aliuwekea mlango wake mwenyewe, Coffea, na katika kitabu chake kikubwa cha mwaka wa 1753 akauita Coffea arabica. Leo ukoo wake unajulikana kuwa mmoja na ukoo wa mti wa kwinini, wala hauna udugu wa karibu na yasmini. Ajabu ni kwamba katika kusahihisha kosa moja Linnaeus alilithibitisha jingine. Jina arabica lautaja nchi iliyouza, si nchi iliyozaa, na Ethiopia haimo katika jina la mtoto wake.

Alama za kuutambulia mbuni si ngumu kwa mtazamaji mwenye subira. Majani yake hukaa mawili mawili, yakielekeana juu ya tawi. Yana rangi ya kijani iliyoiva, yang'aa kama yaliyopakwa mafuta, na kingo zake zina mawimbi bila ya meno. Baina ya vikonyo viwili vinavyoelekeana pana kijani kidogo chenye ncha, nacho ni alama ya ukoo wake wote. Tunda ni dogo na la mviringo. Hutoka kijani, likapita manjano, likaiva jekundu baada ya miezi sita hata tisa, na ndani yake aghalabu mna mbegu mbili zilizolaliana kwa upande ulio bapa. Katika nyumba za Ulaya na Marekani, ambako mbuni hata leo hufugwa chunguni karibu na dirisha, watu huuchanganya na mmea wa Asia ya mashariki uitwao Ardisia crenata, ambao pia una majani ya kung'aa na matunda mekundu. Lakini majani ya huo hupishana juu ya tawi badala ya kuelekeana, kingo zake zina vijino, na tunda lake lina mbegu moja tu. Anayelipasua tunda haihitaji kubahatisha.

Utunzaji wake wote hutokana na ule msitu wa Ethiopia. Kwa kuwa ulizaliwa chini ya kivuli, wapenda mwanga mwingi uliochujwa, na jua kali la moja kwa moja hulibabua jani lake. Kwa kuwa ni mti wa milima ya nchi za joto, wastawi katika joto la nyuzi 18 mpaka 24. Baridi ya chini ya nyuzi 10 huutia udhaifu, na usiku mmoja wa barafu huua kazi ya miaka. Kwa kuwa msituni hewa ina unyevu, hewa kavu ya nyumba iliyokokwa moto hufanya ncha za majani kuwa za kahawia. Udongo wake uwe mwepesi, wenye asidi kidogo. Uwe na unyevu daima lakini usituamishe maji, kwani mizizi hukosa pumzi ikaoza. Maji yenye chokaa nyingi huyageuza majani kuwa manjano. Na mwisho, wataka saburi: aliyepanda mbegu hungoja miaka mitatu hata mitano kabla ya kuona tunda la kwanza. Mambo haya yaandikwa leo kwa mistari michache, lakini watunza bustani wa Amsterdam na Paris waliyajifunza bila ya kitabu, kwa kuamka usiku na kuchochea tanuri ili mti mmoja wa kigeni upate kuishi.

Kisa kinachosimuliwa zaidi juu ya utunzaji huo ni cha ofisa wa Kifaransa, Gabriel de Clieu. Mwanzoni mwa miaka ya 1720 alichukua mche uliotokana na mbuni wa Paris akavuka nao bahari mpaka kisiwa cha Martinique, ukiwa ndani ya sanduku la kioo. Kwa maelezo yake mwenyewe, aliyoyaandika mwaka wa 1774 akiwa mzee, maji ya kunywa yalipungua melini kwa muda wa zaidi ya mwezi mmoja, naye alikigawa kisehemu chake kidogo nusu kwa nusu na mche. Alipofika kisiwani aliupanda, akauzungushia miiba, akauwekea walinzi mpaka ulipozaa. Kwa kuwa msimulizi na shujaa wa kisa ni mtu mmoja, msomaji ana haki ya kupunguza chumvi. Lakini kiini chake hakina shaka: Martinique ilipata mibuni, na kutoka visiwa vile kilimo cha kahawa kilienea pande nyingi za bahari ya Karibiani.

Wasimulizi wengi hukomea hapo na kumsifu mtu aliyeunywesha mti maji yake. Mwandishi wa historia hana ruhusa ya kukomea hapo. Katika miaka ile ile, juu ya bahari ile ile, meli nyingine zilikuwa zikivuka kutoka pwani ya magharibi ya Afrika, zimejaa watu waliofungwa minyororo, ambao maji yao yalipimwa kwa hesabu ya faida na hasara. Watu hao ndio waliopelekwa kuilima mibuni. Katika koloni la Saint-Domingue, ambalo leo ni nchi ya Haiti, karibu watumwa nusu milioni walikuwa wakifanya kazi mwishoni mwa miaka ya 1780, na nchi ile peke yake ilitoa kama nusu ya kahawa ya dunia. Mwaka wa 1791 waliinuka, na mwaka wa 1804 wakatangaza uhuru. Kiasi cha saburi, elimu na huruma kilichotumiwa kwa mche mmoja chathibitisha kwamba sifa hizo zilikuwako. Hazikukosekana mioyoni mwa watu wa zama zile. Kilichokosekana ni kumwona mlimaji kuwa kiumbe anayestahili angaa sehemu ya matunzo yale.

Afrika Mashariki nayo imo katika hesabu hii, kwa njia nyingine. Mwaka wa 1715 Wafaransa walichukua miche kutoka bandari ya Mokha, Yemeni, wakaipeleka katika kisiwa cha Bourbon, kinachoitwa leo Réunion. Huko mti ulitunzwa nje, chini ya jua, pasipo kioo wala tanuri. Lakini mikono iliyoutunza ilikuwa ya watumwa kutoka Madagaska na pwani yetu ya Afrika. Mwaka wa 1776 Mfaransa mmoja, Morice, alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya visiwa vya Wafaransa. Hivyo Mswahili aliyekunywa kahawa barazani Kilwa na mateka aliyepakiwa bandarini pale waliunganishwa na biashara moja ya bahari, ingawa hawakujuana.

Utumwa ulikomeshwa Réunion mwaka wa 1848. Mwaka wa 1860 mapadri kutoka kisiwa kile walifungua misheni Unguja, na mwaka wa 1868 misheni ya Bagamoyo ikaanzishwa na mapadri wa shirika la Roho Mtakatifu. Mibuni ya Réunion ikafuata njia hiyo, ikapandwa katika ardhi ya Afrika Mashariki karibu na makazi ya watoto waliokombolewa utumwani. Mwishoni mwa karne ya 19 mti ule ulipandishwa mpaka Kilema, juu ya mteremko wa Kilimanjaro, na huko ukakuta hali inayofanana na ya kwao: urefu wa mlima, mvua, na kivuli cha migomba. Mbuni uliotoka Afrika ukapitia Uarabuni na kisiwani ulirudi Afrika, lakini ulirudi ukiwa na jina la Uarabuni na sifa ya kuwa mali ya Mzungu.

Sifa hiyo haikuwa ya maneno matupu. Katika Kenya ya wakoloni Waafrika walizuiwa kuulima mbuni wa arabica kwa miaka mingi, na ruhusa ya kwanza, yenye masharti mengi, ilitolewa katika miaka ya 1930 kwa wakulima wachache wa Meru, Embu na Kisii. Moja ya hoja zilizotolewa ni kwamba Mwafrika hataweza kuutunza mti huo na ataeneza magonjwa. Kilimanjaro hoja hiyo ilijibiwa kwa vitendo. Wachagga walipanda mibuni yao kati ya migomba, na mwaka wa 1925 wakaunda chama chao cha wakulima ili kuilinda haki yao ya kuilima na kuiuza kahawa yao. Upande wa magharibi wa Ziwa Viktoria, Wahaya hawakuhitaji kufundishwa na mtu: tangu zamani walikuwa na mbuni wao wa aina nyingine, uitwao robusta, ambao buni zake huchemshwa, hukaushwa na kutafunwa, na kutolewa kwa mgeni kuwa dalili ya urafiki. Watu hao waliutambua mti na kuutunza kabla jina lake halijaandikwa katika kitabu chochote cha Ulaya.

Liko deni jingine lililoachwa na nyumba ya vioo, nalo lalipwa mpaka leo. Mashamba makubwa ya dunia yalipotokana na miti michache sana, mibuni yake ikawa kama watu wa tumbo moja: ugonjwa unaompata mmoja huwapata wote. Mwaka wa 1869 kutu ya majani ilitokea katika kisiwa cha Ceylon, ambacho leo ni Sri Lanka, na kwa muda wa kama miaka 20 ikakimaliza kilimo cha kahawa. Wenye mashamba wakageukia chai. Mwaka wa 1922 ugonjwa wa matunda ya kahawa ulionekana Kenya. Wataalamu wanaotafuta mibuni yenye nguvu ya kushindana na maradhi hurudi katika misitu ya Afrika, na hasa ya Ethiopia, ambako mti una jamaa zake wa kila tabia. Lakini mwaka wa 2019 utafiti ulitangaza kwamba kati ya aina 124 za mibuni inayoota yenyewe, kama asilimia 60 zimo katika hatari ya kutoweka, na arabica wa msituni ni mmoja wao. Kwa hiyo mti unaotunzwa katika vyungu na mashamba ya dunia nzima wapoteza makao yake ya asili.

Funzo la historia hii si kwamba ni vibaya kuupenda mmea wa kigeni na kuuweka nyumbani. Mapenzi hayo ni mema, na elimu imepata faida kubwa kwayo. Funzo ni kwamba kutambua hakutimii kwa kuandika jina kwenye kibao, wala kutunza hakutimii kwa kumwagia maji chungu. Anayeutambua mbuni kweli huutambua pamoja na msitu uliouzaa, lugha zilizouita kwanza, na mikono iliyoulima kwa hiari au kwa shuruti. Naye anayeutunza kweli huyaweka salama makao yake pamoja na mkulima wake, kwa sababu mti ukikosa hivyo viwili hakuna kioo kitakachouokoa.